Shahidi wa Chombo Kipya



Katika safu hii tumezoea kuzungumzia malezi, elimu na riziki ya wanetu. Juma hili napenda tuitazame kazi moja ambayo haitajwi sana katika mabaraza yetu, wala haimo katika orodha ya kazi ambazo mzazi wa Diani au Msambweni humtajia mwanawe anapomuuliza atakuwa nani ukubwani. Ni kazi ya mhandisi wa majaribio ya ndege, na hasa ndege ziendeshwazo kwa umeme.

Sababu ya kuichagua iko juu ya vichwa vyetu. Akaaye karibu na uwanja wa ndege wa Ukunda amezizoea ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, zenye injini moja puani na mabawa juu ya madirisha, ziletazo wageni kutoka Wilson, Nairobi. Tarehe 28 Mei 2020, huko Moses Lake katika jimbo la Washington, Marekani, ndege ya aina hiyo hiyo iliyokuwa imetolewa injini ya mafuta na kutiwa mota ya umeme ya kampuni ya magniX, yenye nguvu za farasi 750, iliruka kwa muda wa nusu saa na kutua salama. Umbo lake lilikuwa lile lile tulijualo. Kilichobadilika ni kile kilichomo ndani.

Basi si muhali kwamba siku moja ndege kama hiyo itatua Ukunda, na mama yako mzazi akapandishwa ngazi zake kwenda hospitali Nairobi. Swali ambalo kila mwenye akili ataliuliza siku hiyo ni moja: nani aliyeijaribu, na je, alisema kweli?

Kazi yenyewe ni ipi?

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa mengi juu ya chombo kipya. Fundi amalizapo kuunda jahazi, halipakiwi shehena siku hiyo hiyo. Hutiwa kalafati, likashushwa majini, likaachwa mbao zinywe maji na kuvimba. Mtu huteremka ngamani kutazama maji yanaingilia wapi. Kisha hutiwa farumi, likatwekwa tanga na kujaribiwa kwa upepo mdogo karibu na nchi kavu, kabla ya kukabidhiwa bahari kuu na roho za watu. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mhandisi wa majaribio ndiye mtu wa kuteremka ngamani.

Watu wengi humfikiria rubani wa majaribio, yule anayeshika usukani. Yeye ni mshirika, lakini si peke yake. Mhandisi ndiye anayeamua ni swali gani ndege itaulizwa siku hiyo, kwa mwendo gani, kwa kimo gani, na kwa mpangilio upi. Ndiye anayeandika kadi ya jaribio, ambayo rubani huifuata hatua kwa hatua. Ndiye anayeweka kikomo kabla ya safari: joto la betri likifika kiwango fulani, au mtetemo wa bawa ukizidi kipimo fulani, jaribio litakatizwa papo hapo bila ya mjadala. Wakati ndege iko angani, yeye huwa ndani yake au katika chumba cha ardhini, akisoma vipimo vinavyotumwa kwa redio kutoka kwa mamia ya vihisio. Baada ya kutua, rubani na wahandisi huketi pamoja, wakasimuliana kilichotokea, na mhandisi akaandika ripoti. Ripoti hiyo ndiyo matunda ya kazi yote.

Hakuna kurukia hatua. Betri hujaribiwa kwanza maabarani, huchomwa na kupashwa joto kusudi ijulikane inakufaje. Mota huendeshwa ikiwa imefungwa chini kwa saa nyingi. Kisha ndege hukimbizwa barabarani bila ya kupaa, polepole, halafu kwa kasi. Safari ya kwanza ya angani huwa fupi, mara nyingi bila hata ya kukunja magurudumu. Siku ya pili huongezwa kidogo, na siku ya tatu kidogo tena. Mara nyingi mhandisi hungoja juma zima kwa ajili ya safari ya dakika chache.

Historia yetu Waislamu ina mtu anayestahiki kukumbukwa hapa. Abbas ibn Firnas wa Kurtuba, katika Andalusia ya karne ya 9, alijifunga mabawa akajirusha kutoka mahali pa juu. Masimulizi yaliyohifadhiwa na mwanahistoria al-Maqqari yaeleza kwamba alikwenda angani masafa, lakini akaumia alipotua, kwa kuwa hakuzingatia kwamba ndege wa angani hutua kwa msaada wa mkia. Alikuwa amefikiria sana namna ya kuondoka, na kidogo namna ya kurudi. Miaka zaidi ya elfu imepita, na bado hilo ndilo kosa ambalo mhandisi wa majaribio huajiriwa kulizuia.

Maswali mapya ya umeme

Kuna mtu atakayesema: ikiwa ndege ni ile ile, kwa nini majaribio yaanze upya? Jibu ni kwamba betri si tangi la mafuta.

Kwanza ni uzito. Ndege ya mafuta huondoka nzito na kutua nyepesi, maana mafuta huungua njiani. Betri haipungui uzito hata chaji ikiisha. Kwa hivyo ndege ya umeme hutua na uzito ule ule iliyoondoka nao, na miguu yake, magurudumu na breki lazima vithibitishwe kwa uzito wote kila inapogusa ardhi. Tena betri ni nzito mno ukilinganisha na nishati inayobeba. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina takriban kilowati-saa 12 za nishati, ilhali kilo moja ya betri zilizozoeleka leo haifikii hata theluthi ya kilowati-saa. Ni kweli mota ya umeme haipotezi nishati nyingi kama injini ya mafuta, lakini tofauti hiyo haizibi pengo. Ndiyo sababu Velis Electro ya Slovenia, ndege ya viti viwili ya kufundishia marubani, ambayo tarehe 10 Juni 2020 ilikuwa ya kwanza ya umeme kupewa cheti kamili na mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, haikai angani hata saa moja.

Pili ni akiba. Kanuni za kawaida za urukaji wa mchana zataka ndege itue ikiwa imebakiwa na mafuta ya nusu saa. Kwa ndege ya kukaa angani saa tano, nusu saa ni kitu kidogo; kwa ndege ya saa moja, ni nusu ya umri wake. Na kila mwenye simu ya mkononi anajua namna betri inavyoweza kukuonyesha asilimia 10 kisha ikazima ghafla. Volti hushuka betri inapokaribia kwisha, na nguvu inayoweza kutolewa kwa mkupuo hupungua. Sasa fikiria rubani amekaribia kutua, akaona ng'ombe amevuka barabara ya ndege, na hana budi kupaa tena kwa nguvu zote. Je, betri iliyobakiwa na asilimia 20 itampa nguvu hizo? Mhandisi halijibu swali hili kwa hesabu ya mezani peke yake. Hulijaribu juu kabisa, mahali penye nafasi ya kukosea, kabla mtu mwingine hajalazimika kulijibu karibu na ardhi.

Tatu, na ndilo zito zaidi, ni joto. Betri ya lithiamu ni mkusanyiko wa seli nyingi ndogo zilizopangwa kwa ubavu. Seli moja ikipata hitilafu na joto lake kupita kiwango, huanza kujizalishia joto yenyewe bila ya kuhitaji umeme kutoka nje, likamwambukiza jirani yake, na jirani akamwambukiza wa pili. Moto wa namna hiyo ni mgumu kuuzima kwa kuwa unajilisha kutoka ndani. Tarehe 31 Mei 2018 nchini Hungaria, ndege ndogo ya umeme aina ya Magnus eFusion ilianguka na kuungua, na watu wawili waliokuwamo wakafariki. Januari 2020, ndege ya mwanzo ya kampuni ya Eviation iliteketea ikiwa ardhini, Arizona, wakati wa majaribio. Kampuni hiyo iliunda nyingine, Alice, ambayo tarehe 27 Septemba 2022 iliruka Moses Lake kwa dakika 8. Dakika hizo nane zilitanguliwa na miaka ya kazi na ndege moja iliyogeuka majivu.

Njia ya Addis Ababa na Nairobi

Asidhani msomaji kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali. Masomo mawili makubwa ya zama zetu juu ya majaribio ya ndege yamepita katika njia moja ya angani inayokuja kwetu, ile ya kutoka Addis Ababa hadi Nairobi.

La kwanza ni la betri. Januari 2013, katika muda wa siku chache, betri za lithiamu za ndege mbili za Boeing 787 za mashirika ya Japani ziliharibika kwa joto: moja ikiwa imeegeshwa Boston, nyingine ikiwa angani Japani na kulazimika kutua haraka. Ndege zote za aina hiyo duniani zikazuiwa kuruka. Kabla ya hapo, makadirio ya mtengenezaji yalikuwa kwamba tukio la betri kutoa moshi lingetokea chini ya mara moja katika saa milioni 10 za urukaji. Yalitokea mawili kabla ndege hizo hazijatimiza saa 100,000 zote kwa jumla. Wachunguzi wa Marekani walieleza baadaye kwamba tathmini ya awali haikuizingatia hali mbaya kabisa, yaani seli moja kuharibika kwa ndani na kuwasha wenzake. Kwa maneno mengine, betri haikuulizwa swali lile ambalo ilikuja kulijibu yenyewe. Ilipotengenezewa kinga mpya na kasha la chuma, ndege ya kwanza ya 787 kurudi kubeba abiria ilikuwa ya Shirika la Ndege la Ethiopia, tarehe 27 Aprili 2013, kutoka Addis Ababa hadi Nairobi. Abiria wa kwanza duniani kuikabidhi roho zao betri ile iliyorekebishwa walikuwa wanakuja Kenya.

La pili ni la machungu, na kuna nyumba humu nchini ambazo hazijalisahau. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya shirika hilo hilo aina ya Boeing 737 MAX ilianguka dakika chache baada ya kupaa, ikielekea Nairobi. Watu 157 walifariki, Wakenya zaidi ya 30 wakiwa miongoni mwao. Miezi isiyofika mitano kabla yake, ndege ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Chanzo kilikuwa mfumo wa kompyuta ulioisukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea kihisio kimoja kilichotoa habari ya uongo. Ndege ile haikuwa ya umeme, lakini somo lake ni la kila mhandisi wa majaribio. Kamati ya Bunge la Marekani, katika ripoti yake ya Septemba 2020, ilieleza kwamba miaka kadhaa kabla ya ajali rubani mmoja wa majaribio wa kampuni hiyo, akiwa katika mashine ya kuigizia urukaji, alichukua zaidi ya sekunde 10 kuutambua na kuukabili mfumo huo ulipokosea, na akaona kwamba matokeo yake yangekuwa maangamizi.

Hebu tulitafakari hilo. Jaribio lilifanyika na likatoa jibu lake, na jibu hilo liliandikwa. Kilichokosekana ni watu wa kulichukua jibu hilo na kulisimamisha mbele ya wakubwa mpaka lisikilizwe.

Hapo ndipo ninapoiona kazi hii kuwa si ya ufundi peke yake. Ni kazi ya ushahidi. Dini yetu imekemea vikali kuficha ushahidi, na imetutaka tuusimamishe hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Mhandisi wa majaribio hupewa mshahara na kampuni inayotaka ndege yake iuzwe. Wenye fedha wanangoja, tarehe imetangazwa, waandishi wa habari wamealikwa. Yeye peke yake ameona mstari mmoja katika vipimo ambao haukukaa sawa. Abiria watakaopanda ndege ile miaka mitano baadaye hawamjui, hawatamshukuru, wala hawatajua kwamba walikuwa mikononi mwake. Amana gani ni kubwa kuliko hiyo?

Ujasiri wa kusema bado

Sifa ya kazi hii haiko katika kuruka tu. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilianza mwaka 2016 mradi wa ndege ya umeme iliyoitwa X-57 Maxwell, juu ya umbo la ndege ndogo ya Kitaliano aina ya Tecnam. Kazi ya miaka saba ikafanyika. Juni 2023 shirika likatangaza kwamba mradi utafungwa bila ya ndege kuruka hata mara moja, kwa kuwa kulionekana hitilafu katika mfumo wa kuisukuma ambayo ingeweza kumhatarisha rubani, na muda wa kuirekebisha haukuwapo. Waliyoyajifunza wakayachapisha ili wengine wanufaike. Wako watakaosema ni hasara. Mimi naona rubani yule ambaye angeipanda alirudi nyumbani kwake kila jioni, na hilo si jambo dogo.

Jamaa zetu walioko Maskati huenda wanaikumbuka Solar Impulse 2, ndege ya jua na betri iliyoondoka Abu Dhabi tarehe 9 Machi 2015 na kutua kwao siku hiyo hiyo, ikiwa ni kituo chake cha kwanza katika kuizunguka dunia. Upana wa mabawa yake ulikuwa mita 72, nayo haikutumia hata tone la mafuta. Lakini ilipovuka Bahari ya Pasifiki kutoka Nagoya hadi Hawaii, safari ya saa 117 na dakika 52, betri zake ziliharibika kwa joto. Wahandisi walieleza wazi kwamba walikadiria vibaya: betri zilikuwa zimefunikwa mno kwa ajili ya baridi ya juu, na upandaji wa kasi wa siku ya kwanza ukazichemsha. Ndege ikalala Hawaii hadi Aprili 2016. Ikatiwa betri mpya na mfumo wa kuzipoza, ikajaribiwa tena, na Julai mwaka huo ikarejea Abu Dhabi. Lau wangeona haya kusema tumekadiria vibaya, isingerejea.

Mafunzo tuliyoyapokea juu ya kumfunga ngamia kwanza ndipo kutawakali yanatosha kutuongoza hapa. Dua ya safari huisoma abiria akiisha kukaa; kumfunga ngamia ni kazi ya mhandisi, miaka mingi kabla ya abiria kufika.

Afrika Mashariki, na joto la Diani

Majaribio ya urukaji wa umeme tayari yamefanyika katika ardhi na maji yetu. Rwanda, tangu Oktoba 2016, ndege ndogo za betri zisizo na rubani za kampuni ya Zipline hupeleka damu hospitalini. Tanzania, DHL, shirika la Kijerumani la GIZ na kampuni ya Wingcopter walifanya majaribio ya miezi sita ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018: ndege isiyo na rubani ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Kwa barabara, mwendo huo ni kilomita 240 na saa 6. Anayejua taabu ya kumvusha mgonjwa kutoka kisiwani ataelewa thamani ya dakika hizo. Septemba 2025, ndege ya umeme ya EHang, iwezayo kubeba abiria bila ya rubani, ilionyeshwa ikiruka Kigali. Na hapa Kenya, tanzu ya Kenya Airways iitwayo Fahari Aviation ilitia saini mwaka 2022 makubaliano ya awali na kampuni ya Eve kuhusu ndege za umeme zinazopaa wima, zisizozidi 40.

Nchi yetu ina sababu njema ya kuzitaka. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka katika mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana, ilhali mafuta ya ndege huagizwa ng'ambo. Safari fupi za pwani zinalingana na uwezo wa betri: kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kilomita zipatazo 70 tu.

Lakini Moses Lake ni nyanda kavu zisizo na chumvi, na Slovenia ni nchi ya milima na theluji. Ndege iliyothibitishwa huko haijaulizwa maswali ya Ukunda. Haijaegeshwa juani mwezi wa Machi, kaskazi inapolegea na lami ikawaka. Hewa ya joto ni nyepesi, na bawa hupata shida zaidi kuinuka juu yake. Betri iliyotoka safarini hufika tayari imepata moto. Ukiichomeka kwenye chaji ya haraka papo hapo, chaji nayo huongeza joto, na hewa ya kuipoza ni ya nyuzi 30 na zaidi. Kila mvuvi mwenye mashine ya boti anajua chumvi inavyokula viungo vya nyaya. Je, baada ya miaka miwili ya upepo wa bahari, kifuniko cha nyaya zenye mamia ya volti kitakuwaje? Na mvua za masika je?

Wenzetu wa Ghuba wamelifahamu hilo. Katikati ya mwaka 2025 kampuni ya Joby ilirusha ndege yake ya umeme ikiwa na rubani huko Dubai, katika joto la kiangazi cha huko. Waliitaka ndege ijibu maswali ya nchi yao kabla ya kuchukua watu wao. Nasi tunastahiki hivyo hivyo, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya itahitaji watu wenye elimu ya kuuliza. Tusipowasomesha watu hao, tutabaki kupokea cheti kilichoandikwa kwa ajili ya baridi ya wengine.

Njia ya kijana

Mzazi mwenzangu, sitakuficha: hakuna kazi hii Kwale leo, na mwanao hataipata mara tu amalizapo skuli. Njia yake ni ndefu. Huanzia katika hisabati na fizikia, na katika kuandika kwa lugha safi, maana ripoti isiyoeleweka ni sawa na ushahidi uliofichwa. Hufuata shahada ya uhandisi wa ndege, mitambo au umeme. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, Nairobi, hufundisha uhandisi wa ndege. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina uhandisi wa anga. Baada ya hapo huja miaka ya kazi katika karakana za ndege au kampuni za ndege zisizo na rubani, na mafunzo maalumu katika vyuo vichache duniani, kama vile kile cha Boscombe Down Uingereza, cha Istres Ufaransa, au cha Mojave, California.

Na hapa karibu tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Vijana wengi wanaopita langoni mwake hawajui kwamba kilianza kama MIOME, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na wengineo, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Walifundishwa umeme, makanika, useremala, ubaharia na uundaji wa vyombo. Waasisi wale hawakuona mgongano baina ya msikiti na karakana. Wala hakuna sababu ya sisi kuuona leo, wala ya kudhani kwamba binti mwenye stara yake hawezi kuketi mbele ya vipimo na kutamka "katiza jaribio" kwa sauti isiyotetemeka. Atakayeuliza kama si kazi ya silaha aelewe kwamba ziko ndege za kiraia tele, na mwanawe ana haki ya kuchagua.

Yapo maandalizi ambayo hayangoji chuo, nayo yako mikononi mwetu majumbani. Mtoto anayevunja kikombe akaja kusema mwenyewe, kisha akapigwa kwa ukweli wake, hujifunza kuficha. Mtoto anayesema "sijui" darasani akachekwa, hujifunza kubahatisha. Mtoto huyo huyo, akiwa na miaka 30, atawekwa mbele ya mstari mmoja usiokaa sawa, na wakubwa wakimngojea aseme kila kitu ni shwari. Atakalolisema siku hiyo alianza kujifunza nyumbani. Basi tuwapokee wanetu wanaposema kweli, hata kweli hiyo ikituudhi, na tuwasifu wanaposema "bado sijahakikisha".

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki angani na baharini, awape subira jamaa zao, na ajaalie katika kizazi chetu mashahidi wakweli wa kila chombo kitakachowabeba waja wake. Amin.

Tukutane juma lijalo, inshaAllah. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum.